Chungwa la juu ni la kila fungu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, makazi yangu Muheza, mkoani Tanga, na safari hii siandiki kuhusu mafao wala barabara. Naandika kuhusu hesabu moja ya darasa la tatu iliyopigwa kosa katika daftari la mjukuu wangu.

Hesabu yenyewe ni 7 × 14. Mtoto kaandika 70 + 28 = 98. Kalamu nyekundu imepita juu yake, na pembeni pameandikwa "Njia?" Jibu halikuguswa, maana 98 ni 98. Kosa lake ni kwamba hakuweka 14 juu na 7 chini, hakupiga mstari, wala hakusema saba mara nne ishirini na nane, andika nane, peleka mbili.

Siku hiyo aliingia uani kimya, naye ni mtoto ambaye sauti yake hufika nyumbani kabla yake. "Mume wangu, umemeza nini leo?" nikamuuliza. (Bibi na mjukuu wa kiume ndivyo tunavyoitana, asiyezoea utani huu asishtuke.) Akanipa daftari bila neno. Nilipoiona ile njia nikajua mshitakiwa ni nani. Njia ile nilimfundisha mimi. Kwa hiyo, Mhariri, barua hii kwa sehemu ni utetezi wangu.

Nianze na meza. Kiinua mgongo kilimalizia vyumba viwili na choo. Sukari inanunuliwa na machungwa. Nina michungwa michache nyuma ya nyumba na meza ya mbao chini ya mwembe, kando ya njia. Wauzaji wa huku wote tunapanga mafungu kwa mtindo mmoja: machungwa manne chini, yamekumbatiana, na la tano juu yake, limekaa kwenye kile kishimo cha katikati. Ukiwa mbali unaona vichwa tu vimejipanga.

Likizo ya Juni nilimwita mjukuu wangu anisaidie. Alipomaliza kupanga mafungu manane nikamwambia anitajie idadi ya machungwa bila kuhesabu moja moja. Tebo ya tano anaijua, angenijibu arobaini papo hapo, na mimi nisingejua kama ameelewa au ameimba. Nikamwambia, "Leo tebo ya tano imelala. Anza na yale ya chini."

"Nane mara nne... thelathini na mbili."

"Na la juu?"

"Moja. Thelathini na tatu."

Zamani ningemwambia "Kosa!" na pengine kidole kingefuata kwenye paji la uso. Safari hii nilinyamaza. Nikaondoa vichwa vya mafungu saba, kimoja kimoja, nikaviweka ndani ya ndoo. Likabaki fungu moja lenye kichwa. "Haya, thelathini na tatu zako hizo hapo. Wauzie watu."

Akatazama meza. Akanitazama mimi. "Bibi, haya mengine hayana vichwa."

"Nani kayakata?"

Akacheka, akaingiza mkono ndani ya ndoo, akaanza kurudisha: la fungu hili, la fungu hili, la fungu hili. Alipofika mwisho akasema mwenyewe, "Nane. Vichwa ni vinane. Thelathini na mbili na nane, arobaini." Halafu akaongeza, kama aliyegundua kwamba nimemzunguka, "Ni ileile ya tebo ya tano!"

Jambo lote ninalotaka kulisema limo katika ile ndoo. Ukiwa na mafungu nane, na kila fungu lina manne na moja, basi una nane mara nne, na una nane mara moja. Lile moja halikuongezwa kwenye meza, liliongezwa kwenye kila fungu. Kwenye karatasi tunaandika 8 × (4 + 1) = 8 × 4 + 8 × 1. Vitabu vina jina lake refu. Mtoto wa miaka tisa hana haja nalo. Kwetu linaitwa "chungwa la juu", na tukishasema hivyo tunaelewana.

Kesho yake nilibadilisha vichwa, nikaweka machenza badala ya machungwa. Sasa kuna mafungu sita, kila moja lina machungwa manne na chenza moja. Mteja kachukua yote, kachukua nini? Machungwa ishirini na manne, machenza sita. Hapo hapana hata haja ya kufundisha. Mtoto anayeuza hawezi kumpa mtu mafungu sita akamhesabia chenza moja, labda awe anataka kufilisika.

Na tazama neno lenyewe. Darasani tunasema "mafungu saba yenye nane nane", sokoni tunasema "fungu la machungwa bei gani". Neno ni lilelile. Nilifundisha kuanzia 1979, wakati Azimio la Musoma la elimu ya msingi kwa wote limejaza madarasa watoto kuliko madawati, hadi nilipostaafu 2019. Miaka yote hiyo nikichora mafungu ubaoni kwa chaki, viduara ndani ya viduara, huku dirishani naona mama wa watoto haohao anapanga mafungu ya kweli. Haikunijia kutoka nje.

Kutoka hapo kuendea 7 × 14 si mbali. Kumi na nne ni kumi na nne: Kiswahili kimeshaivunja kabla mwalimu hajafungua mdomo. Mtoto anayesema "kumi na nne" ameshataja chini na juu ya fungu. Saba mara kumi, sabini. Saba mara nne, ishirini na nane. Tisini na nane. Ndivyo alivyoandika. Hajaruka njia, ameiandika yote, tena kwa mstari mmoja.

Faida ya pili inahusu tebo. Wazazi wengi huku bado wanaamini tebo inaingia kwa fimbo. Mimi nilikuwa hivyo, sijifichi. Kila darasa nililopata lilikuwa na jiwe moja ambalo watoto wote walijikwaa, nalo ni saba mara nane. Unakuta mtoto kaimba vizuri mpaka saba mara saba, akifika hapo anatazama dari. Mjukuu wangu naye alitazama dari. Nikamwambia, "Saba huijui, lakini tano unaijua na mbili unaijua. Tano na mbili ni ngapi?" Akakaa kidogo. Tano mara nane arobaini, mbili mara nane kumi na sita, hamsini na sita. Sasa akisahau hatazami dari tena, anavunja. Na cha ajabu, tangu aanze kuivunja hajaisahau.

Tebo ya nane tuliipata kwenye bao la marehemu babu yake. Wachezaji wanalijua: safu nne, kila safu mashimo nane, na kila mchezaji ana safu zake mbili. Mashimo ya upande mmoja ni kumi na sita, na ya upande wa pili ni kumi na sita. Nne mara nane thelathini na mbili. Ubao wenyewe umekatwa katikati na mchezo. Wamisri wa kale walifanya karibu hivyo walipozidisha. Ipo hati ya mafunjo ya zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, imehifadhiwa London, inayoonyesha walivyozidisha kwa kurudufu. Kutafuta 13 × 12 unaandika 12, halafu 24, halafu 48, halafu 96. Kwa kuwa 13 ni 1 na 4 na 8, unachukua 12 na 48 na 96, unapata 156. Nilisoma habari hiyo nikiwa chuoni, nikaifanyia mtihani, nikafaulu, kisha nikaenda kufundisha watoto kama vile sijawahi kuisikia.

Lakini Misri ni mbali. Hapa mtaani yupo dada wa genge, aliacha shule darasa la nne. Juzi nilinunua kwake kilo sita za maharage, kilo shilingi 2,800. Bado anachota, mkono uko kwenye mizani, akasema, "Sita elfu tatu tatu, elfu kumi na nane. Nikurudishie mia mbili mbili, elfu moja mia mbili. Nipe elfu kumi na sita na mia nane, mwalimu." Hakugusa simu. Alipandisha bei hadi elfu tatu kwa sababu elfu tatu inazidishika, kisha akarudisha mia mbili kwa kila kilo. Kwa kila kilo, Mhariri. Hakurudisha mia mbili mara moja akadhani amemaliza. Angekuwa mwanafunzi, kalamu nyekundu ingemwandikia "Njia?"

Nilikwenda shuleni, na sikwenda kwa shari. Mwalimu wa hesabu ni kijana mwenye adabu, akaniamkia, akanipisha kiti chake. Alinieleza hofu yake: "Mwalimu, akizoea kuvunjavunja hivi, atakapofika kwenye MAGAZIJUTO atapotea. Kule ni mabano kwanza." Kwa wasomaji wa nje ya Tanzania, MAGAZIJUTO ndiyo kamba tunayowafunga nayo watoto wetu: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Hofu yake ina maana. Mtoto akiona 7 × (10 + 4) anaambiwa afanye ya ndani kwanza, apate 7 × 14. Mimi namwambia anaweza kuingia na ile saba ndani, akampa kila aliyemo sehemu yake. Amsikilize nani?

Nilimwomba kijana vizibo vya soda kutoka kwenye lile kopo la darasa la kwanza, tukapanga juu ya meza ya walimu, wenzake wakitucheka. Mistari saba ya vizibo kumi. Kisha vizibo vinne, nikaviweka pembeni peke yake. "Hii ni 7 × 10 + 4, haina mabano. Ngapi?" Akajibu sabini na nne. Nikaongeza vizibo vinne kwenye kila mstari. "Na hii ndiyo yenye mabano." Tisini na nane. Mabano yanatuambia nani yumo ndani ya fungu na nani kabaki mezani. MAGAZIJUTO inalinda hilohilo, watu wawili wasisome hesabu moja wakapata majibu mawili. Haikatazi kulifungua fungu, mradi ukilifungua usimnyime mtu. Mtoto akifanya kwa njia zote mbili na majibu yakalingana, amejisahihisha mwenyewe kabla daftari halijafika kwako.

Kijana alikubali la vizibo. La daftari alinionyesha rundo juu ya kabati, darasa lake lina watoto zaidi ya tisini. "Nikisoma njia ya kila mmoja, mama, nitalala hapa." Sikuwa na la kumjibu, maana rundo lile nalifahamu. Nimelisahihisha kwa taa ya chemli.

Hapa niseme langu. Kwa miaka mingi nilifundisha kuzidisha kwa wima namna hii: 23 juu, 14 chini. Nne mara ishirini na tatu, tisini na mbili, andika. Mstari wa pili, "weka sifuri kwanza", halafu moja mara ishirini na tatu. Jumlisha. Mwaka fulani mtoto wa kike wa mstari wa mbele alininyooshea mkono: "Mwalimu, ile sifuri inatoka wapi?" Nilimwambia ndivyo inavyofanywa. Akakaa. Sikumchapa, lakini hakunyoosha mkono tena muhula ule, na mimi nilijiona nimelinda ratiba.

Ile sifuri inatoka kwenye kumi. Kumi na nne ni kumi na nne. Umeshazidisha kwa nne ukapata 92, sasa unazidisha kwa kumi unapata 230, na jumla yake ni 322. Ile moja ya mstari wa pili ni kumi iliyovaa nguo ya moja. Kuzidisha kwa wima, na mistari yake yote, ni chungwa la juu lililopangwa vizuri ili lisimwagike. Nilikuwa nafundisha upangaji bila machungwa.

Kwa mjukuu nilichora mchangani. Shamba la michungwa, safu kumi na nne, kila safu miti ishirini na mitatu. Halafu nikapitisha njia mbili za kupita na toroli, moja baada ya safu ya kumi, nyingine baada ya mti wa ishirini. Shamba likawa vipande vinne: cha kumi kwa ishirini, miti 200, cha kumi kwa tatu, 30, cha nne kwa ishirini, 80, na kale kakona ka nne kwa tatu, 12. Jumla 322, ileile. Watoto wengi hapa wangechukua kipande kikubwa na kale kakona tu, 200 na 12, wakaondoka. Yeye pia alifanya hivyo. Nikamuuliza, "Ile miti ya pembeni umemwachia nani?" Akapiga goti, akaanza kuihesabu kwa kijiti.

Nitoe tahadhari moja, maana wapo watakaopeleka mambo mbio. Kugawanya kuna tabia yake. Machungwa 84 kwa watoto saba, unaweza kuyavunja machungwa: 70 kwa saba ni kumi kumi, 14 kwa saba ni mawili mawili, kila mtoto kumi na mawili. Lakini usivunje watoto. Ukisema saba ni nne na tatu, ukagawa 84 kwa wanne, ukagawa tena 84 kwa watatu, unapata 21 na 28, na machungwa hayo umeyagawa mara mbili. Jaribu na watoto wenye njaa uone kelele zake.

Na wanaosema haya ni mambo ya watoto wadogo, wamwulize kijana yeyote wa kidato cha pili afungue mabano ya 2(x + 3). Hesabu imegeuka Kiingereza, namba imegeuka herufi, na wengi wataandika 2x + 3. Jirani yangu aliniletea kijana wake mwezi uliopita, eti hesabu za sekondari zimemshinda. Nikamtoa nje mpaka kwenye meza. Nikamwekea mafungu mawili, nikaondoa kichwa kimoja. Alicheka hadi akakaa chini, akasema, "Kumbe ni hili tu, na miaka miwili napigwa kosa."

Ombi langu kwa walimu wenzangu walio kazini ni dogo, najua rundo lilivyo. Jibu likiwa sahihi na njia ni ngeni, kalamu isimame kidogo. Mwite mtoto, mwulize, "Umepataje?" Kwa tisini huwezi, kwa wawili kwa siku unaweza. Na wazazi wanaouza chochote kwa fungu, nyanya, vitunguu, dagaa wa kopo, wamwachie mtoto meza nusu saa kabla ya kumtuma akakariri.

Daftari bado lina ile "Njia?" Kijana alisema atalirekebisha, mjukuu wangu amekataa, anataka libaki hivyo awaonyeshe wenzake. Jumamosi nilimwacha mezani na mafungu manane. Niliporudi, fungu moja halina kichwa na midomo yake inang'aa. Nikamuuliza yamebaki mangapi.

"Nane mara tano, toa moja," akasema. "Hilo moja ni la fungu moja tu, Bibi, usiondoe mengine."

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga